Baada ya Pumzi ya Kwanza: Utumbo wa Njiti Katika Ukanda wa Dhahabu

Februari 2025 jarida la tiba la New England Journal of Medicine liliitaja Geita na Shinyanga kwa jambo lisilohusu dhahabu. Lilichapisha matokeo ya mradi wa Safer Births, ulioongozwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Mwanza, Geita na Shinyanga. Dk. Benjamin Kamala na wenzake walifuatilia watoto zaidi ya 277,000. Vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 6.4 hadi 3.8 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa. Kilichofanyika kilikuwa cha kawaida kabisa. Wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, ya kumkausha mtoto, kumchangamsha na kumpa hewa kwa mfuko na barakoa asipolia. Wakapewa na vifaa vizuri zaidi vya kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto kabla hajazaliwa.

Huo ni ushindi, na sina nia ya kuupunguza. Ila saa 24 hupima pumzi zaidi ya kitu kingine. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 27 akiwa na gramu 900, akishavuka siku ya kwanza, anangojewa na mtihani mwingine tumboni mwake. Hatari kubwa ya utumbo wa njiti huja wiki ya pili na ya tatu, wakati ndugu wameshaanza kutulia na jina la mtoto limeshapatikana. Kadiri mikoa hii inavyofaulu kuwavusha njiti siku ya kwanza, ndivyo wodi zake zitakavyozidi kukutana na swali hili. Jibu lake linaanzia kwenye maji ambayo mtoto huyo ameyaacha nyuma.

Wengi wanajua kwamba maji ya chupa ya uzazi humkinga mtoto asiumie mama akianguka au akigongwa, na kwamba chupa ikipasuka ni dalili ya leba. Kazi nyingine ya maji hayo haitajwi sana kliniki: mtoto huyanywa. Huanza kumeza akiwa na miezi mitatu hivi tumboni. Kuanzia nusu ya mimba, sehemu kubwa ya maji hayo ni mkojo wake mwenyewe, ambao huumeza, huukojoa na kuumeza tena, usiku na mchana. Makadirio ya wiki ya 28 ni zaidi ya mililita 100 kwa siku. Karibu na kuzaliwa hufika nusu lita na kupita. Ukiyapima utakuta karibu yote ni maji matupu. Kidogo kilichobaki ndicho chenye thamani. Humo mna protini zinazotimiza takriban asilimia 10 hadi 15 ya mahitaji ya mtoto, na mna vichocheo vya ukuaji, hasa kile kiitwacho EGF, vinavyoziamuru chembe za ukuta wa utumbo zigawanyike, zikomae na kushikamana.

Ushahidi wa mwanzo ulitoka kwa wanyama. Katika miaka ya 1980 watafiti walifunga umio wa vijusi vya sungura na kondoo ili visiweze kumeza. Utumbo ulidumaa, na vile vijidole vidogo vinavyofyonza chakula vikabaki vifupi. Ugavi wa maji uliporejeshwa, ukuaji nao ukarejea. Kwa binadamu, utumbo mwembamba huwa na takriban sentimita 125 katika wiki ya 20, sentimita 200 katika wiki ya 30, na sentimita 275 mtoto akitimiza miezi. Miondoko ya kusukuma chakula kwa mpangilio huchelewa hadi kama wiki ya 32 au 34, na ndipo pia mtoto anapoweza kunyonya, kumeza na kupumua bila kupaliwa. Anayetoka wiki ya 27 ametoka katikati ya ujenzi, na kinywaji kilichokuwa kinaujenga utumbo wake kimekatika ghafla.

Mwaka 2012 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, waliongeza kipande muhimu. Kwenye ukuta wa utumbo kuna kitambuzi cha bakteria kinachojulikana kwa jina la TLR4, na kazi yake ni kupiga kengele adui anapoonekana. Kwa njiti kengele hiyo ni kali kupita kiasi. Maji ya chupa, waligundua kwa panya, huituliza kwa kupitia kipokezi cha EGF. Sasa fikiria siku mtoto anapozaliwa mapema: kitulizo kinaondoka siku ileile bakteria wanapoingia utumboni kwa mara ya kwanza. Utumbo huwashambulia na kujishambulia, damu hupungua kwenye ukuta wake, sehemu hufa, na mbaya zaidi hutoboka. Wodini ugonjwa huo huitwa NEC. Tumbo huvimba na ngozi yake kung'aa, maziwa hayashuki, matapishi huwa ya kijani, damu huonekana kwenye kinyesi. Hata kwenye hospitali zenye kila kitu, huua mgonjwa mmoja kati ya watano hadi mmoja kati ya watatu.

Kwenye hospitali ya wilaya iliyo pembezoni mwa mgodi, mara nyingi hata jina hilo halitaandikwa. NEC huthibitishwa kwa eksirei ya tumbo inayorudiwa na kusomwa na mtu aliyeizoea; bila hivyo hufanana mno na maambukizi ya damu. Kitabu cha wodi kikiandika maambukizi, ugonjwa wa utumbo hutoweka kwenye takwimu. Walio wadogo zaidi hutoweka kwa njia nyingine pia: hesabu za kimataifa za watoto wafu huanzia wiki ya 28, kwa hiyo aliyetoka wiki ya 26 bila uhai haingii kwenye jedwali hilo. Aliyetoka akiwa hai naye hana matumaini sawa kila mahali. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba katika nchi za kipato cha chini zaidi ya tisa kati ya kumi ya wanaozaliwa kabla ya wiki ya 28 hufa ndani ya siku chache, wakati katika nchi tajiri wanaokufa hawafiki mmoja kati ya kumi.

Maabara hazijakaa kimya. Huko Marekani, madaktari Darlene Calhoun na Robert Christensen walitengeneza mchanganyiko unaoiga maji ya chupa, wenye chumvi zake na homoni mbili zinazopatikana humo, wa kumpa njiti kwa mdomo. Cairo, kwenye Chuo Kikuu cha Ain Shams, jaribio lililochapishwa mwaka 2014 liliwapa njiti homoni hizohizo kwa njia ya chakula, na waliopewa wakayavumilia maziwa mapema zaidi kuliko wenzao. Denmark, watafiti wa Copenhagen waliwalisha maji halisi ya chupa watoto wa nguruwe waliozaliwa kabla ya wakati, na uvimbe wa utumbo ukapungua. Hii ni sayansi nzuri, na ningependa kuiona ikiendelea. Lakini mtu akiniambia kesho kwamba Geita inasubiri chupa ya maji bandia ya uzazi, nitamwuliza itahifadhiwa wapi, itachanganywa na nani, na kwa maji gani.

Kitu kilicho karibu zaidi na maji hayo kipo tayari kifuani mwa mama. Dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya njano, yamejaa EGF. Tena maziwa ya mama aliyejifungua kabla ya wiki ya 28 yana kiasi kikubwa zaidi cha kichocheo hicho kuliko ya mama aliyetimiza miezi tisa. Mwaka 1990 Alan Lucas na Tim Cole walionyesha huko Uingereza kwamba njiti waliolishwa maziwa ya kopo peke yake walipata NEC mara sita hadi kumi zaidi ya waliopata maziwa ya mama peke yake. Tangu hapo dawa nyingi zimejaribiwa, na ni chache zilizokaribia tofauti hiyo.

Jinsi dang'a inavyotolewa ni kazi ya matone. Njiti wa gramu 900 huanza na mililita moja au mbili kila baada ya saa mbili au tatu, kwa mpira mwembamba unaopitia puani au mdomoni hadi tumboni. Nesi huondoa kisukumio cha bomba la sindano, hulishika bomba juu kidogo ya mtoto, humimina maziwa na kuyaacha yashuke yenyewe bila kusukumwa. "Mama, kamua hata matone mawili," ataambiwa mwanamke ambaye jana alipasuliwa na leo hana uhakika kama mtoto ni wa kuzika au wa kulea. Hayo mawili hupakwa ndani ya shavu la mtoto. Kwa macho ya ndugu walioko nje ni mchezo, mtoto hashibi. Kwa utumbo ni kazi ileile ya tumboni kuendelea: lengo la siku hizo za mwanzo ni kuuamsha ukuta, na kushiba kutafuata. Ndiyo maana kumwaga dang'a kwa kuiona chafu, au kumpa mtoto maji ya sukari wakati maziwa "yanasubiriwa", kunamgharimu njiti kuliko mtoto mwingine yeyote.

Matone hayo yana sharti. Maziwa hayaji wala hayadumu pasipo mama kukamua mara nane au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo. Kwa hiyo swali la utumbo wa njiti linageuka haraka kuwa swali la mahali mama anapolala. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021, ambalo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilikuwa moja ya vituo vyake vitano pamoja na vya Ghana, India, Malawi na Nigeria, liliwaweka watoto wa kilo 1 hadi 1.799 kifuani mwa mama mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie kwanza. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa waliosubirishwa, na maambukizi ya damu yalipungua. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Na ili lifanyike, ilibidi vijengwe vyumba ambamo kitanda cha mama kimo ndani ya wodi ya watoto mahututi, jambo ambalo hospitali nyingi zilikuwa zimelikataza. Utaratibu wenyewe wa kumweka mtoto kifuani, uitwao kangaroo, ulianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa sababu inkubeta hazikutosha. Ulizaliwa na uhaba, na leo Shirika la Afya Duniani linaupendekeza kwa wote, matajiri kwa maskini.

Sasa turudi kwenye ardhi yenyewe, maana hapa ndipo Geita na Shinyanga zinapotofautiana na mahali pengine.

Mtafiti Elias Nyanza wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, Bugando, akishirikiana na wenzake wa Calgary, Kanada, walifuatilia wajawazito zaidi ya 900 wa kaskazini mwa Tanzania, wengi wao wakiishi kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba kadiri arseniki ilivyokuwa nyingi kwenye mkojo wa mama, ndivyo uwezekano wa mimba kutoka, mtoto kuzaliwa mfu au kuzaliwa kabla ya wakati ulivyoongezeka. Zebaki ilihusishwa na watoto wafu na maumbile yenye kasoro. Arseniki imo kwenye miamba yenye dhahabu. Mwamba ukichimbwa na kusagwa, hupata njia ya kufika kwenye vumbi na maji. Zebaki inaletwa na watu. Nenda kwenye mwalo wowote wa kuchenjua: kokoto zilizotoka kwenye karasha zimeshakuwa unga, mwanamke yuko mbele ya beseni, anaukoroga unga wenye zebaki kwa mikono mitupu, anakamua kwa kitambaa, kinabaki kipande cheupe. Kipande huchomwa ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Mvuke wake hauna harufu. Huingia mapafuni, na kutoka kwenye damu ya mama huvuka kondo.

Hapo ndipo sayansi ya maji ya chupa inaponitia wasiwasi. Kijusi hukojoa humohumo kinamonywa. Kinachovuka kondo kikaingia kwenye damu yake, sehemu yake hutolewa kwa mkojo, mkojo ni yale maji, na maji humezwa tena. Mzunguko uliobuniwa kuulisha utumbo huzungusha pia visivyotakiwa. Utafiti wa wajawazito ulihusu tarehe za kuzaliwa na vifo, haukuchunguza utumbo, na si haki kuusemesha zaidi ya ulichopima. Lakini kwa kuzaliwa mapema ushahidi upo, na huko ndiko utumbo unakopoteza wiki zake.

Timu ya Nyanza ilikuwa imeshagusa jambo lingine mwaka 2014. Kati ya wajawazito 340 waliohojiwa kwenye maeneo ya machimbo, asilimia 45.6 walikula udongo, ule wa pemba unaouzwa sokoni kwa vipande, na vipimo vya udongo huo vilikutwa na madini ya sumu, arseniki ikiwemo. Mama mwenye upungufu wa damu anayetamani udongo hatasaidiwa na karipio. Atasaidiwa na vidonge vya madini chuma vilivyopo kliniki siku anayokwenda. Malaria nayo, ambayo mikoa hii inaijua vizuri kupita kiasi, huharibu kondo na kumtoa mtoto mapema au mwepesi. Dawa ya kinga ya SP kwa wajawazito ni nafuu, na kila dozi inayorukwa ina mtu wa kuulizwa.

Kuna habari njema moja ambayo haisemwi vya kutosha kwenye machimbo. Tafiti za Argentina na Bangladesh, kwenye jamii zinazokunywa maji yenye arseniki nyingi, zilikuta kwamba arseniki inayopita kwenye maziwa ya mama ni kidogo sana. Titi linachuja. Maziwa ya kopo, kinyume chake, hukorogwa na maji ya kisima kilekile, na kuchemsha hakuondoi arseniki hata chembe. Kwa hiyo mama wa machimbo ya Rwamagasa au Nyarugusu anayeogopa kwamba maziwa yake yana sumu ya mgodi, aambiwe wazi: kwa mtoto wake, hasa akiwa njiti, kifua chake ndicho salama kuliko kopo.

Sindano za deksamethasoni, anazochomwa mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati, zinastahili neno, maana hukomaza mapafu na pia hupunguza NEC. Mwaka 2015 jaribio la nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, lilizisambaza hadi ngazi za chini, na vifo vya watoto kwa ujumla vikaongezeka. Mwaka 2020 jaribio jingine, kwenye hospitali zenye uwezo za nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo, likaonyesha zinaokoa. Tofauti kubwa ilikuwa kuujua umri wa mimba na kuwa na huduma ya kumpokea mtoto. Mchimbaji anayehama kila rashi mpya ya dhahabu huhama na mkewe, na kadi ya kliniki hubaki walikotoka. Pasipo kipimo cha ultrasaundi mapema, wiki hukisiwa kwa mkono juu ya tumbo.

Usafiri umepiga hatua. Mfumo wa m-mama, ambao mama au kituo hupiga 115 bila malipo na gari, hata la dereva wa kawaida wa jamii, likatumwa, ulianzia Sengerema na kufuatiwa na Shinyanga kabla ya kusambazwa nchi nzima kuanzia mwaka 2022. Na tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa. Kabla ya hapo njiti wa Geita aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, alisubiri kivuko. Sasa hasubiri, ingawa gari likimbeba kwenye blanketi badala ya kifuani mwa mtu, daraja litamfikisha haraka akiwa wa baridi.

Sheria imesogea pia, kwa msukumo wa watu kama Doris Mollel, aliyezaliwa njiti na ambaye taasisi yake imekuwa ikidai haki za njiti kwa miaka. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yanampa mwajiriwa aliyejifungua njiti muda wa nyongeza hadi wiki 40 za mimba zitimie, ndipo likizo ya kawaida ihesabiwe. Ni sheria nzuri kwa mwalimu na kwa karani wa mgodi. Anayeponda mawe Nyarugusu au kuuza uji Kakola hana mwajiri wa kumwandikia barua. Akikaa wodini wiki sita, nyumbani hakuliwi, na ndiyo sababu kubwa ya wengine kuomba ruhusa mapema, mtoto akiwa bado hajui kunyonya.

Hukumu yangu ni kwamba ukanda huu hauna uhaba wa fedha unaozuia jambo hili. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanawataka wenye leseni za uchimbaji waandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kuukubaliana na halmashauri, na mgodi wa Geita umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000, wa Bulyanhulu tangu 2001. Majengo yamejengwa, na mengine yamezinduliwa kwa ngoma. Bajeti hizo hupenda vitu vinavyopigwa picha, na mama aliyelala kwenye kiti kando ya mtoto hapigwi picha.

Madiwani wa Geita, Mbogwe, Msalala na Kahama mtakapokaa tena na migodi kupanga fedha za mwaka, kabla ya kuandika inkubeta nyingine, andikeni vitanda vya mama ndani ya wodi ya njiti, friji ya maziwa yaliyokamuliwa, na milo mitatu kwa kila mama hadi siku mtoto wake atakapoweza kunyonya mwenyewe.